Uhuru wa Kusema Hapana: Juu ya Kuchangia Damu katika Jumuiya Zetu

(Mada iliyotolewa na paroko katika semina ya wenyeviti na makatibu wa Jumuiya Ndogondogo, iliyoandaliwa na Kamati ya Haki na Amani ya parokia)



Kamati ya Haki na Amani imeniomba nizungumze juu ya zoezi la kuchangia damu ambalo parokia yetu italiandaa tena kabla ya mvua za masika. Wakati huo umechaguliwa kwa busara. Mvua zikipita malaria hupanda, na malaria ikipanda wodi ya watoto huhitaji damu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zaonyesha kwamba katika nchi maskini zaidi ya nusu ya damu wanayoongezewa wagonjwa huweza kwenda kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 5, ilhali katika nchi tajiri damu nyingi huenda kwa wazee waliopita miaka 60. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya chupa ya damu (nasi twaendelea kuiita chupa ingawa siku hizi ni mfuko wa plastiki), hapa kwetu twazungumza kwanza juu ya mtoto, na baada yake juu ya mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua.

Najua Kamati ilitarajia niwahimize tu. Nitawahimiza. Lakini kwanza yanipasa kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa maana nisipolisimulia mtalirudia, tena kwa nia njema kama nilivyokuwa nayo mimi.

Miaka sita iliyopita nilikuwa paroko mahali pengine. Timu ya damu salama ilikuja kuomba ushirikiano wetu, nami nikalipokea jambo hilo kwa bidii ya kijana. Kwa Dominika tatu mfululizo nilitangaza kwamba kila Jumuiya itahesabiwa wachangiaji wake, kwamba Jumuiya itakayoongoza itapewa mbuzi, na kwamba majina ya waliochangia yatasomwa kabla ya baraka ya mwisho. Siku ilipofika watu walijaa ukumbini kupita tulivyotarajia. Meza ya kuandikisha tuliiweka mlangoni, na kando yake walisimama wenyeviti wa Jumuiya, kila mmoja na daftari lake, wakiweka alama.

Waliowahi kuchangia damu wanajua kwamba kabla ya kuchomwa sindano mtu huulizwa maswali. Huulizwa kama ameugua karibuni, kama anatumia dawa, kama amepata kuugua homa ya manjano, kama amechanjwa chale au kuchorwa mwili, na kama katika miezi ya karibuni amekutana kimwili na mtu asiye mwenzi wake. Maswali hayo yaliulizwa pale mezani, kwa sauti ya kawaida, na majibu yakatolewa mbele ya daftari la mwenyekiti. Muuguzi aliyeongoza timu, mama wa makamo mwenye staha, aliniita pembeni akasema, "Baba Paroko, naomba hawa wenyeviti wasogee mbali." Nilicheka. Nilimwambia kwamba wanasaidia kutunza utaratibu. Hakunijibu. Alirudi kazini kwake.

Siku ya Jumanne, baada ya chakula cha usiku, mtu alibisha hodi nyumbani kwa mapadre. Alikuwa baba wa familia, mwanakwaya, mtu anayeheshimika katika Jumuiya yake. Alikaa kitambo bila kusema neno, kisha akaniambia: "Padre, ile damu yangu isipewe mtu." Majuma mawili kabla ya zoezi lile alikuwa safarini kikazi, na huko alianguka katika jambo ambalo mnaweza kulielewa bila mimi kulitaja. Alipoulizwa lile swali mezani alijibu hapana. Angejibu nini? Mwenyekiti wake alikuwa hatua mbili kutoka pale, na mkewe alikuwa kwenye foleni. Kutokwenda kabisa hakungewezekana, kwa sababu kwaya nzima ilikwenda, na asiyechangia angeulizwa kwa nini.

Ameniruhusu niyasimulie haya, nami nimebadili yale yaliyopaswa kubadilishwa ili asitambulike.

Usiku uleule nilimpigia simu yule muuguzi. Hakuniuliza jina. Aliuliza namba iliyo kwenye kadi ya mchangiaji, kwa kuwa mfuko wa damu hubeba namba, haubebi jina. Asubuhi alinipigia. Mfuko ulikuwa umekwisha kupimwa, vipimo vyote vilikuwa safi, nao ulikuwa ukingoja kupelekwa hospitali pamoja na mingine. Aliuondoa. Kisha akasema kwa upole ule ule, "Baba, safari ijayo wenyeviti wasogee."

Ndugu zangu, liko neno moja katika maelezo yake ambalo huenda limewashangaza: vipimo vyote vilikuwa safi. Basi hatari ilikuwa wapi?

Damu inayokusanywa nchini hupimwa maambukizi manne: virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Mpango wa Taifa wa Damu Salama umejengwa juu ya kazi hiyo, na ni kazi kubwa ya kuheshimiwa. Lakini mwili ulioingiliwa na kirusi hauonyeshi dalili yake katika damu siku ile ile. Vipimo vya kwanza vya virusi vya UKIMWI, vilivyoanza kutumika mwaka 1985, vilitafuta kingamwili tu, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kuvamiwa, na silaha hizo huchukua majuma kadhaa kupatikana. Vipimo vya siku hizi, vinavyotafuta pia sehemu ya kirusi chenyewe, vimefupisha muda huo hadi majuma mawili au matatu hivi. Viko vingine vinavyotafuta vinasaba vya kirusi, ambavyo ni vya gharama kubwa, navyo vimeufupisha hadi siku kumi hivi. Hakuna kilichoufuta kabisa. Kwa homa ya ini aina ya B muda huo huwa mrefu zaidi, huweza kupita mwezi. Wataalamu hukiita kipindi cha dirisha: kirusi kimo, kipimo hakikioni, na mgonjwa atakayeongezewa damu hiyo ataambukizwa karibu bila shaka, maana hakupata tone moja, amepata mfuko mzima ndani ya mshipa.

Katika siku hizo za dirisha, chombo pekee kinachoweza kumlinda yule mtoto wodini ni ulimi wa mchangiaji. Na mimi nilikuwa nimeufunga ulimi huo kwa daftari na mbuzi.

Tangu usiku ule nimesoma juu ya jambo hili kwa kadiri mtu asiye tabibu anavyoweza kusoma, na kila nilikopita nimekuta swali lile lile: huyu aliyetoa damu, alikuwa huru kiasi gani kusema kweli?

Kwa miaka mingi Wamarekani walinunua sehemu ya damu yao. Katika kituo cha utafiti wa tiba cha serikali yao huko Bethesda, tabibu Harvey Alter na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo na kuongezewa damu. Katika miaka ya 1960 wagonjwa karibu 30 kati ya 100 walipata homa ya ini. Mwaka 1970 kituo kiliacha damu ya kununuliwa, kikatumia ya watu wa hiari peke yao, na wakati huo huo kikaanza kupima homa ya ini aina ya B, ambayo alama yake katika damu iligunduliwa na Baruch Blumberg. Idadi ilishuka hadi karibu 10 kati ya 100. Sasa angalieni jambo hili. Wengi wa waliokuwa wakiugua hawakuwa na aina ya B. Walikuwa na ugonjwa ambao haukuwa na jina wala kipimo. Ni mwaka 1989 ndipo kirusi cha aina ya C kilipotambuliwa, na Alter pamoja na Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2020. Maana yake ni kwamba kumbadili mtoaji kulisaidia kukizuia kirusi karibu miaka ishirini kabla ya maabara kukijua.

Mwaka huo huo wa 1970, Richard Titmuss, mwalimu wa chuo kikuu huko London, alichapa kitabu kilicholinganisha damu ya bure ya Uingereza na damu ya fedha ya Marekani. Hoja yake haihitaji elimu ya juu: anayeuza ana sababu ya kuficha, kwa kuwa akisema kweli atakosa fedha zake; anayetoa bure hana sababu hiyo. Mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia kwamba nchi zote zijenge huduma ya damu juu ya watu wa hiari wasiolipwa.

Nilipofika hapo nilijiona nimepona, kwa sababu sikumlipa mtu. Lakini aibu nayo ni sarafu. Kwaya ni sarafu. Mbuzi wa Jumuiya ni sarafu, hata akiliwa na watu arobaini.

Na hospitalini je? Mnaujua utaratibu. Mama amejifungua, damu inamtoka, benki ya damu haina kitu, mumewe anaambiwa alete ndugu wawili wa kuchangia. Simlaumu muuguzi anayesema hivyo; hana la kufanya. Lakini mfikirieni yule shemeji aliyeitwa saa tano za usiku. Akiulizwa yale maswali, atasema hapana kwa yote, kwa sababu akisema ndiyo shemeji yake atakufa na ukoo utauliza. Na pale ambapo ndugu hawapatikani, wapo vijana wanaojua kusimama karibu na lango la hospitali, wakawa ndugu kwa muda wa saa moja kwa bei ya mapatano.

Jirani zetu wa Kenya walipata ujasiri wa kujipima. Mwaka 1994 watafiti walichunguza damu katika hospitali sita za serikali, na matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya wachangiaji, asilimia 6.4 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na ilikadiriwa kwamba mara 2 katika kila mara 100 ambazo mgonjwa aliongezewa damu, aliongezewa pamoja na virusi hivyo. Sehemu kubwa ya hatari hiyo ilitokana na makosa ya utendaji wa maabara, ambayo yangeweza kuzuilika. Nawaheshimu watu waliochapisha hesabu hiyo. Ni hesabu ya nchi yao, na ingekuwa rahisi kuifungia kabatini.

Niseme pia jambo ambalo wahamasishaji wengi hawalisemi, kwa kuwa linaharibu hotuba. Tumezoea kufundisha kwamba damu ya mtu wa hiari ni salama na damu ya ndugu wa mgonjwa si salama. Watafiti waliofanya kazi Ghana wameonyesha kwamba mtu wa hiari anayechangia kwa mara ya kwanza hana damu iliyo salama kuliko ya ndugu wa mgonjwa. Na kwa nini awe nayo? Wote wawili wametoka katika kijiji kimoja. Tofauti kubwa imo kwa mtu anayerudi. Aliyechangia mara tano amepimwa mara tano, ameyasikia maswali mara tano, anajijua, na siku akiwa na wasiwasi hukaa nyumbani bila kuona haya kwa sababu atakwenda safari nyingine. Zimbabwe waliliona hilo mapema. Mwaka 1989 walianzisha klabu ya vijana walioahidi kuchangia mara 25 na kujitunza, wengi wao wakiwa wanafunzi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 virusi vya UKIMWI katika damu iliyochangwa nchini humo vilikuwa chini ya asilimia 1, wakati ambapo miongoni mwa watu wazima wa nchi hiyo mtu zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa navyo.

Nikarudi kwenye zoezi langu la ule mwaka wa mbuzi. Nilimwomba muuguzi aniambie ni wangapi kati ya wale waliojaa ukumbini walirudi kuchangia baadaye. Walikuwa saba. Nilikuwa nimekusanya umati wa watu wa mara ya kwanza, wengi wao wakiwa wamesukumwa, nikaiita hiari.

Hadi hapa nimesema juu ya mchangiaji. Ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kana kwamba kweli inadaiwa kwa mtu mdogo peke yake. Kwa hiyo nawaomba tuvuke bahari kidogo.

Huko Uingereza, tarehe 20 Mei 2024, jaji mstaafu Brian Langstaff alitoa ripoti ya uchunguzi uliochukua miaka mingi. Watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa virusi vya UKIMWI au homa ya ini kwa damu na dawa za damu walizopewa hospitalini katika miaka ya 1970, ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, na karibu 3,000 wamekufa. Baadhi yao walikuwa wagonjwa wa himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Dawa yao ilitengenezwa kwa kuchanganya majimaji ya damu ya maelfu ya watu pamoja, na sehemu yake iliagizwa kutoka Marekani, ambako waliotoa walilipwa na baadhi yao walikuwa wafungwa. Mmoja akiwa na kirusi, chungu kizima kimeharibika. Katika shule moja ya bweni kusini mwa nchi hiyo walisoma wavulana 122 wenye ugonjwa huo kati ya mwaka 1970 na 1987. Waliobaki hai ni kama 30. Uchunguzi ulikuta kwamba watoto hao walifanyiwa utafiti, mara nyingi bila wao wala wazazi wao kuelezwa vya kutosha, kwamba hatari ilijulikana kabla, na kwamba baadaye nyaraka ziliharibiwa kwa makusudi na kweli ikafichwa kwa miongo mingi.

Ufaransa nako, mwaka 1985, dawa za damu ziliendelea kutolewa ilhali wakuu wa huduma ya damu walijua kwamba zina virusi. Mkurugenzi wake, Michel Garretta, alihukumiwa kifungo mwaka 1992.

Nimeyataja hayo kwa sababu wako watu kati yetu wanaosema kwamba uchafu wa damu ni jambo la nchi maskini. Uingereza ilikuwa na damu ya hiari, ile ile aliyoisifu Titmuss, nayo ilikuwa na maabara na fedha. Miongoni mwa vilivyowaponza wagonjwa wake ni dawa za watu waliolipwa, na wakubwa waliojua wakanyamaza. Hapo ndipo kazi ya Kamati ya Haki na Amani inapoingia, ndugu zangu, na ndiyo maana sikuona ajabu kuombwa mada hii na Kamati inayoshughulika na mashamba ya wajane na mirathi. Mzazi ambaye mwanawe ameongezewa damu ana haki ya kuuliza kama ilipimwa, na kujibiwa bila kukemewa. Mchangiaji ana haki ya kupewa majibu yake faraghani, kwa ushauri, na mtu mwingine yeyote, hata paroko, asiyajue. Hospitali zetu za Kanisa zina wajibu huo huo. Msiogope kutuuliza.

Kwa upande mwingine tusimwombe tabibu damu kana kwamba twaomba maji. Wako wazazi wanaoona mtoto hajatibiwa mpaka aongezewe chupa. Utafiti uliofanywa Uganda na Malawi kwa watoto zaidi ya 1,500 wenye upungufu mkubwa wa damu, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wale ambao upungufu wao haukuwa na dalili za hatari, waliosubirishwa huku wakiangaliwa kwa makini, hawakufa zaidi ya walioongezewa mara moja. Na karibu nusu ya waliosubirishwa ndio waliohitaji damu baadaye. Tabibu akisema tungoje, huenda anamlinda mtoto.

Sasa nije kwenye zoezi letu. Nimekwisha kuzungumza na timu ya damu salama na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Zoezi litakuwa siku ya Jumamosi, si Dominika baada ya Misa, ili asiyetaka kuja awe na kazi zake shambani na asiulizwe. Maswali yataulizwa ndani ya darasa la katekesi, mtu mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Wenyeviti na makatibu mnakaribishwa kuchangia kama watu wengine. Daftari mtaliacha nyumbani. Mtu akitoka darasani bila bandeji mkononi, hakuna atakayemwuliza sababu. Huenda wingi wa damu yake haukutosha, huenda uzito wake haukufika kilo 50, huenda yuko kwenye dawa, huenda ni jambo lake na Mungu wake. Wote watapewa soda ile ile na biskuti zile zile, aliyechangia na asiyechangia, na wote watatokea mlango mmoja.

Atakayechangia atapewa kipande cha karatasi chenye namba yake na simu ya timu. Akifika nyumbani akajuta, kesho yake au baada ya siku mbili, atapiga simu na kusema tu: namba fulani isitumike. Hataulizwa kwa nini. Haina haja ya kupitia kwangu, ingawa mlango wangu uko wazi hata usiku.

Ambaye anataka kujua hali yake ya afya asije kwenye zoezi hili kwa ajili hiyo. Najua wako wanaokuja kuchangia ili wapimwe, kwa kuona haya kwenda kliniki. Kupima virusi vya UKIMWI katika zahanati zetu ni bure, na huko hakuna mtoto anayengoja mfuko wako.

Wanaume wanaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, wanawake kila baada ya minne. Naomba kila Jumuiya itafute watu wachache tu, wawili au watatu, walio tayari kurudi mwaka hadi mwaka, na majina yao wayapeleke wenyewe kwa timu, si kwangu. Nikipata thelathini wanaorudi nitashukuru kuliko mia tatu wa siku moja.

Yule mwanakwaya niliyemtaja ni mmoja wa watu wanaorudi. Alipimwa baada ya miezi mitatu, kisha tena. Majibu yake hakunieleza, nami sikumwuliza. Niliambiwa tu na muuguzi, baada ya mwaka na zaidi, kwamba liko jina moja la zamani limerudi kwenye orodha.

Na kwa kuwa katibu mmoja ameniuliza wakati wa chai: hapana, mwaka huu hakuna mbuzi.